Kipande cha aproni cha Goulston Street: kielelezo pekee cha uhakika katika mauaji ya Whitechapel, 1888

#1 Mleta uzi

Wakuu, salaam.

Kila yanapotajwa mauaji ya Whitechapel, yale ya muuaji asiyejulikana aliyeitwa Jack the Ripper, mjadala hukimbilia majina. Alikuwa daktari, alikuwa kinyozi, alikuwa wa ukoo wa kifalme. Katika uzi huu majina ya washukiwa siyataki. Nataka tukae na vitu: kitambaa, ukuta, kiboksi, bahasha, risiti. Tukiulize kila kimoja kinaweza kutueleza nini, na kinaishia wapi.

Msimamo wangu nauweka mezani mapema. Nimesoma ushahidi uliotolewa kwenye mahakama ya uchunguzi wa kifo Oktoba 1888, na ninachokiona ni kwamba katika kesi nzima kuna kitu kimoja tu ambacho tuna hakika muuaji alikishika, akakibeba na akakiacha mahali panapojulikana. Ni kipande cha aproni chafu. Vingine vyote vina alama ya kuuliza.

Kwanza usiku wenyewe. Saa zote natumia za kwetu.

Jumamosi, 29 Septemba 1888, saa 2:30 usiku, konstebo Louis Robinson alimkuta mwanamke amelewa chakari barabarani Aldgate High Street, mashariki mwa London. Akampeleka kituo cha polisi cha Bishopsgate. Huko aliachwa alale mpaka pombe impungue. Saa 7 usiku konstebo George Hutt akamfungulia, naye akajiandikisha kwa jina la Mary Ann Kelly. Jina lake halisi lilikuwa Catherine Eddowes, umri miaka 46. Wote wawili, Robinson na Hutt, walikuja kusema mbele ya mahakama kwamba mama huyu alikuwa amevaa aproni. Likumbukeni hilo.

Saa hiyohiyo ya 7, kule Berner Street, mwendo wa robo saa hivi kwa miguu, mwili wa mwanamke mwingine aliyeuawa usiku huohuo, Elizabeth Stride, ulikuwa unagunduliwa uani.

Saa 7:30 konstebo Edward Watkins alipita Mitre Square katika lindo lake, akaangaza taa, hakuona mtu. Saa 7:35 hivi wanaume watatu walitoka klabu ya jirani, na mmoja wao, Joseph Lawende, akaona mwanamume na mwanamke wamesimama kwenye mlango wa kichochoro kinachoingia uwanjani humo. Saa 7:40 na dakika kidogo konstebo James Harvey akafika mwisho wa kichochoro hicho, hakusikia kitu, hakuona kitu, akageuka. Saa 7:44 Watkins aliporudi akamkuta Eddowes amelala kwenye kona yenye giza, ameuawa na kupasuliwa.

Dakika 14 kati ya duru mbili za askari mmoja. Ukimwamini Lawende, muuaji hakufikisha hata dakika 10.

#2 Mleta uzi (inaendelea)

Saa 8:55 usiku huohuo konstebo Alfred Long alikuwa lindoni Goulston Street, kaskazini mashariki ya Mitre Square, mwendo usiofika dakika 10. Kwenye mlango wa ngazi unaohudumia nyumba namba 108 hadi 119 za majengo ya Wentworth akaona kitambaa chini. Akakiokota. Kona moja ilikuwa imelowa damu. Akapekua ngazi, hakuona alama nyingine. Akamwachia askari mwenzake mlango, yeye akakikimbiza kitambaa kituo cha Commercial Street.

Kumbukeni London ilikuwa na polisi wa aina mbili, kila kundi na mipaka yake. Mitre Square iko ndani ya eneo la polisi wa City. Goulston Street iko kwa polisi wa jiji kubwa, Metropolitan. Kwa hiyo mwili ulikuwa kwa hawa na kitambaa kwa wale. Daktari George Bagster Phillips ndiye aliyekipeleka kitambaa mochwari ya Golden Lane, ambako daktari wa polisi wa City, Frederick Gordon Brown, alikuwa na sehemu ya aproni iliyobaki mwilini.

Brown akaviweka viwili pamoja. Alichokiona, kwa maelezo yake mwenyewe, ni kwamba aproni ile ilikuwa imeshonewa kipande kipya cha kitambaa, na mishono ya pembeni ya pande mbili ilikutana sawasawa. Kilichookotwa Goulston Street kilikuwa na damu, na kitu kilichoonekana kuwa kinyesi. Michirizi ya damu ilikuwa upande mmoja, kana kwamba mkono au kisu kilifutiwa hapo.

Sasa sikilizeni jambo ambalo watu wengi hulipita. Brown alisema pia kwamba haiwezekani kutamka kuwa ile ni damu ya binadamu. Na alikuwa sahihi. Kipimo cha kutenganisha damu ya mtu na ya mnyama kilipatikana mwaka 1901, kwa kazi ya Paul Uhlenhuth kule Ujerumani. Makundi ya damu nayo yalitangazwa mwaka huohuo na Karl Landsteiner wa Vienna. Mwaka 1888 damu kwenye kitambaa ilikuwa doa jekundu basi. Kilichofunga kamba kati ya Mitre Square na Goulston Street ni uzi na sindano.

#3 Mchangiaji (fundi cherehani)

Mkuu, naomba niingie hapo kwenye mshono maana ndiyo kazi yangu.

Vitambaa viwili vyeupe vilivyochanika vinaweza kudanganya macho, hasa kitambaa kikuukuu kilichofuliwa mara nyingi. Nyuzi za ukingoni zinakuwa zimelegea, kila kitu kinaonekana kinakubaliana na kila kitu. Lakini kiraka ni habari nyingine. Kisu kikipita kwenye kiraka, kinakata tabaka mbili kwa mkupuo mmoja. Ukitaka kuvirudisha pamoja, lazima kitambaa cha chini kikutane, cha juu kikutane, mstari wa mshono uendelee bila kuruka, na rangi ya uzi iwe ileile. Halafu kiraka cha mtu maskini anayejishonea mwenyewe kwa mkono hakina hatua zinazolingana. Sindano moja ndefu, nyingine fupi, moja imepinda. Huwezi kupata aproni mbili London nzima zenye kiraka kilichoshonwa vile na kukatwa vile.

Huyo daktari alifanya kazi ya fundi, na aliifanya vizuri.

#4 Mleta uzi

Fundi, shukrani sana. Umeongeza kitu ambacho maandishi ya mahakama hayakukifafanua.

Kwa hiyo tunasimama hapa: askari wawili walimwona amevaa aproni usiku ule, sehemu moja ilikutwa mwilini, sehemu nyingine mtaa mwingine, na mshono unaziunganisha. Mnyororo mzuri kuliko wowote katika kesi hii.

Swali linalofuata ni kwa nini alikata. Kuna majibu matatu yanayosikika sana.

La kwanza, alibebea viungo. Figo ya kushoto na sehemu ya mfuko wa uzazi havikuwepo mwilini. Hili mimi silikubali kwa sababu ya namna damu ilivyokaa. Kiungo kilichotolewa muda huohuo kikifungwa kwenye kitambaa, kitambaa kitalowa katikati na damu itapenya pande zote. Brown alieleza michirizi, upande mmoja.

La pili, alijikata mkono akajifunga. Hili siwezi kulifukuza. Hakuna kipimo kilichokuwepo cha kutuambia damu ile ni ya nani.

La tatu, alijifuta. Na hapa kile kinyesi, ambacho watu huona haya kukitaja, ndicho kinachozungumza zaidi. Brown alikuta utumbo umekatwa. Mtu aliyefanya hivyo gizani alitoka na mikono inayonuka. Damu mkononi ungeweza kuitetea katika mtaa wa wachinjaji na machinjio, na Whitechapel ilikuwa nayo. Harufu ile huwezi. Askari wako kila kona na filimbi zitalia wakati wowote. Alihitaji kitambaa, na hakuwa na muda wa kujifutia palepale.

Mimi niko na la tatu.

#5 Mchangiaji

Mkuu endelea kushusha, niko hapa. Lakini umeruka kitu kikubwa. Yale maandishi ya chaki ukutani juu ya kitambaa je? Mimi siku zote nilijua muuaji ndiye aliyeandika. Kama ni yeye basi tuna vielelezo viwili, siyo kimoja.

#6 Mleta uzi

Sijaruka, nilikuwa naelekea huko. Na hapa naomba tuwe wakali kidogo na nafsi zetu.

Long alipookota kitambaa alimulika ukutani akaona maandishi ya chaki nyeupe kwenye matofali yaliyopakwa rangi nyeusi, kwenye ubavu wa mlango. Kwa mujibu wake yalisema kwamba Wayahudi ndio watu ambao hawatalaumiwa bila sababu. Mpelelezi Daniel Halse wa City naye alinakili, na nakala yake inasema Wayahudi sio watu watakaolaumiwa bila sababu. Kukana kumehama nafasi. Watu wawili, ukuta mmoja, usiku mmoja, na hatuna hata hakika ya sentensi yenyewe.

Tungekuwa nayo kama picha ingepigwa. Halse alitaka yaachwe, na mkuu wa wapelelezi wa City, James McWilliam, aliagiza mpiga picha. Lakini ukuta ulikuwa eneo la Metropolitan. Msimamizi Thomas Arnold aliona hatari: ilikuwa Jumapili, soko la Petticoat Lane lingefunguka asubuhi, wapangaji wengi wa majengo yale walikuwa Wayahudi, na mitaani tayari kulikuwa na uvumi mbaya dhidi yao. Akamweka inspekta pale na sponji akingoja amri. Kamishna Sir Charles Warren akaja mwenyewe, na saa 11:30 alfajiri maandishi yakafutwa. Ilipendekezwa ufutwe mstari wa juu tu, ikakataliwa. Hata kuufunika ukuta kwa saa moja mpaka mwanga utoke haikukubaliwa.

Ninaelewa hofu ya Warren. Watu wasio na hatia wangeweza kuuawa asubuhi ile. Lakini kupiga picha kisha kufuta kulihitaji muda mfupi tu, na muda huo haukutolewa. Mpaka leo jambo hili linaniuma kila ninapolisoma.

Sasa je, yaliandikwa na muuaji? Hoja ya wanaosema ndiyo ni kwamba Halse aliona chaki ni mbichi, kwamba ingekuwa ya siku nyingi mabega ya wapitaji yangeifuta. Sawa. Lakini ubichi wa chaki hautenganishi dakika 30 na saa 8. Kijana aliyeandika jioni angeacha chaki mbichi vilevile. Halafu tazameni ukubwa wa herufi: Halse alisema herufi kubwa zilikuwa na robo tatu ya inchi, chini kidogo ya sentimita 2, nyingine kwa uwiano huo, mistari mitatu, mwandiko mzuri wa mviringo kama wa shuleni. Jaribuni kuandika hivyo kwa chaki kwenye matofali. Inahitaji mkono uliotulia na mwanga. Mtu anayekimbia na kitambaa chenye ushahidi wa kumnyonga, amesimama kwenye mlango wenye giza, aandike herufi ndogo, safi, zilizopangwa?

Kitambaa kilikuwa chini ya maandishi. Hicho ndicho kiungo pekee kati yao, ukaribu. Mshono umethibitisha aproni. Hakuna kilichothibitisha chaki. Kwa hiyo mimi kwenye hesabu ya vielelezo vya muuaji nabaki na kimoja.

#7 Mchangiaji (mwanasheria)

Mleta uzi, uchambuzi wako naufuata, ila kuna jambo la muda unalikwepa.

Long alikula kiapo. Aliulizwa kama alipita pale kabla, akasema alipita saa 8:20. Akaulizwa kama kitambaa kilikuwepo, akajibu hakikuwepo. Siyo "sikukiona", bali hakikuwepo. Kama tunamwamini Long kuhusu saa 8:55, kwa kanuni gani tunamkataa kuhusu saa 8:20? Shahidi hachaguliwi vipande kama nyama buchani.

Na tukimwamini, muuaji alikaa na kitambaa zaidi ya dakika 36 baada ya mauaji, pengine saa nzima na zaidi. Hapo nadharia yako ya kujifuta inayumba. Kujifuta ni kazi ya dakika moja. Kilichochukua saa nzima ni kitu kingine: alikwenda kwake akarudi, au kweli alikuwa na jeraha.

#8 Mleta uzi

Mkuu, hii ndiyo hoja nzito kuliko zote katika uzi na sitaipita juu juu.

Kati ya saa 7:44 na 8:55 kuna dakika 71. Kama kitambaa kilidondoshwa mara moja, kilikuwa pale kabla hata ya saa 8, na Long akapita saa 8:20 bila kukiona. Kama hakikuwepo saa 8:20, muuaji alikuwa bado mitaani, au alirudi mitaani, wakati eneo zima limejaa polisi wanaomtafuta.

Sababu yangu ya kusita si kwamba Long alisema uongo. Ni kwamba kuna shahidi wa pili wa dakika ileile. Halse naye alipita Goulston Street saa 8:20, tena akiwa anamsaka muuaji, akijua fika kilichotokea Mitre Square. Naye hakuona kitu. Ila alipoulizwa alijibu kwa tahadhari: si lazima angekiona kipande kile hata kama kingekuwepo. Mpelelezi mwenye macho wazi, anayetafuta, anakiri kwamba mlango ule ungeweza kumficha kitambaa. Jibu la Halse linatupa kipimo cha giza la mahali pale. Jibu la Long halitupi. Anasema hakikuwepo, lakini haelezi alimulika wapi, alisimama au alipita, aliingia mlangoni au aliangalia akiwa barabarani.

Tena kuna tofauti kati ya kuona na kutoona. Saa 8:55 Long alikishika mkononi, kikafika kituoni, kikafika mochwari. Hapo simtegemei yeye peke yake. Saa 8:20 ninachopewa ni kumbukumbu ya kutokuwepo kwa kitu ambacho wakati huo hakikuwa na maana yoyote kwake. Na askari anayekiri kwamba alipita bila kuangalia anakiri uzembe kazini. Hilo halimfanyi mwongo, lakini linapunguza uzito.

#9 Mchangiaji (mwanasheria)

Kupunguza uzito sawa. Kufuta hapana. Sababu ya kudanganya siyo ushahidi kwamba mtu amedanganya. Na huyo Halse hakusema kitambaa kilikuwepo. Amekaa katikati. Long ndiye pekee aliyesema jambo la moja kwa moja.

#10 Mleta uzi

Nakubali, kufuta siwezi. Ndiyo maana sijengi kitu chochote juu ya dakika ile, si kwa upande wako wala wangu.

Kinachobaki hata tukiwaacha Long na Halse wasuluhishane wenyewe ni mwelekeo. Kitambaa kilitoka Mitre Square kikaenda kaskazini mashariki. Muuaji aliyetaka kuikimbia wilaya alikuwa na upande wa magharibi wote, kuelekea katikati ya City. Yeye alirudi ndani ya Whitechapel, upande wenye nyumba za kulala wageni za Flower and Dean Street na Dorset Street, mitaa ambayo polisi walikuwa wameshaanza kumiminika kwa sababu ya Stride. Kwangu mimi hiyo ni dalili ya mtu anayerudi mahali anapopafahamu, penye kitanda. Haisemi mtaa, haisemi nyumba, wala haisemi kama alikuwa Mwingereza au mgeni. Wapo waliosema majengo yale ya Wayahudi yanathibitisha muuaji alikuwa Myahudi, na wapo waliosema yanathibitisha aliwachukia. Mlango ulikuwa wazi njiani. Inatosha.

#11 Mchangiaji

Vipi ile figo aliyotumiwa mwenyekiti wa sungusungu wao? Hiyo si ushahidi wa mwili kabisa?

#12 Mleta uzi

George Lusk, mwenyekiti wa kamati ya ulinzi ya Whitechapel. Tarehe 16 Oktoba 1888 alipokea kiboksi kidogo cha kadibodi, ndani mna nusu ya figo na barua iliyodai kwamba nusu nyingine imekaangwa na kuliwa. Ilifika kwa Daktari Thomas Openshaw wa hospitali ya London, aliyekuwa msimamizi wa makumbusho ya patholojia pale.

Magazeti yaliandika kwamba daktari amesema ni figo ya mwanamke wa miaka 45 hivi, mnywaji wa pombe ya jini. Openshaw mwenyewe alipofuatwa na mwandishi akasema mengine kabisa: kwa hadubini anaona ni nusu ya figo ya kushoto ya binadamu, lakini hawezi kusema ni ya mwanamke, wala imetoka mwilini lini, kwa sababu ilihifadhiwa kwenye spiriti. Hiyo ndiyo lugha ya mtaalamu anayejua mpaka wa kitu alichoshika. Umri na pombe viliongezwa njiani.

Figo ya kushoto ilipotea mwilini, figo ya kushoto ikaja kwa posta. Inaoana. Lakini magazeti yalishatangaza figo gani haipo, na mtu mwenye njia ya kuingia chumba cha maiti angeweza kuipata nyingine. Hakuna mshono hapa. Barua na figo vyote vimeshapotea.

Mnataka kuona jinsi kielelezo kinavyoweza kuwapotosha watu makini? Rudini wiki tatu kabla ya Mitre Square, 8 Septemba, uani kwa namba 29 Hanbury Street, alipouawa Annie Chapman. Karibu na bomba la maji polisi walikuta aproni ya ngozi imelowa maji. Mtaa mzima ulikuwa unamtafuta mtu aliyeitwa Aproni ya Ngozi! Hakuna kielelezo kilichowahi kuonekana kizuri kuliko kile. Kumbe ilikuwa ya John Richardson, mtoto wa mama mwenye nyumba. Mama yake aliiosha mwenyewe Alhamisi akaiacha pale.

Na karibu na mwili kulikuwa na kipande cha bahasha chenye nembo ya kikosi cha Sussex, ndani mna vidonge viwili. Askari huyo yuko wapi? Inspekta Joseph Chandler akasafiri hadi kambini kuulizia. Kisha mpangaji mmoja wa nyumba ya kulala wageni, William Stevens, akaeleza kwamba alimwona Chapman jikoni, kiboksi chake cha vidonge kimevunjika, akaokota kipande cha bahasha karibu na meko akavifungia humo. Mwanajeshi hakuwahi kuwepo. Alikuwepo mwanamke mgonjwa anayetunza dawa zake.

Fikirini kama Stevens angekaa kimya. Leo kungekuwa na vitabu vizima kuhusu muuaji wa kikosi cha Sussex.

#13 Mchangiaji (tabibu)

Kuhusu Chapman kuna kielelezo kingine wakuu, mwili wenyewe. Daktari Phillips alifika saa 12:30 asubuhi akakadiria amekufa si chini ya saa mbili, pengine zaidi, kwa sababu ya ubaridi. Hiyo inarudisha kifo saa 10:30 au nyuma yake. Lakini Richardson aliketi kwenye ngazi za ua uleule kabla ya saa 11 alfajiri, akikata ngozi ya kiatu chake, na hakuona maiti. Jirani, Albert Cadosch, alisikia sauti na kitu kikigonga uzio saa 11:20 na kitu. Elizabeth Long naye alimwona mwanamke aliyemtambua kuwa Chapman saa 11:30, nje ya nyumba hiyo.

Kwa mtazamo wa kitabibu simwamini daktari hapo, na nasema kwa heshima. Mwili ulipasuliwa tumbo, damu nyingi imetoka, asubuhi ya baridi, nguo zimefunuliwa. Joto linaondoka haraka kuliko kawaida. Kugusa kwa mkono siyo kipimo. Hata Phillips mwenyewe aliweka tahadhari kuhusu ubaridi wa asubuhi na damu iliyopotea.

#14 Mleta uzi

Daktari, nakuunga mkono. Na tahadhari yake ile mara nyingi hukatwa watu wanapomnukuu.

#15 Mchangiaji

Wakuu mnahangaika na mishono, wenzenu wameshapima vinasaba. Shali ya Eddowes, ilitangazwa 2014, ikatoka na kwenye jarida la kisayansi 2019. Kinyozi wa Kipolandi. Kesi imeisha.

#16 Mleta uzi

Karibu mkuu. Kesi haijaisha, na sababu iko mochwari ya Golden Lane.

Waliomvua Eddowes waliandika orodha ya kila alichokuwa nacho. Kofia nyeusi ya majani. Koti jeusi lenye manyoya ya bandia. Viatu vya kiume vya kamba. Vitambaa vyeupe 12. Kopo la chai, kopo la sukari. Vipande 6 vya sabuni. Viko viwili vifupi vya udongo. Kijiko, kisu cha mezani chenye mpini mweupe, kitana, kifuko cha sigara cha ngozi nyekundu, kibiriti kitupu cha bati, pini na sindano ndani ya flaneli. Kipande cha aproni nyeupe kuukuu. Waliohesabu sabuni hawakuandika shali. Hadithi ya kwamba polisi aliichukua pale uwanjani ni ya ukoo, imekuja vizazi baadaye, na huko njiani shali imeshikwa na mikono mingi.

Hata tukiipokea shali, kilichopimwa ni vinasaba vya mitokondria, vinavyorithiwa kwa mama. Watu wengi sana wasiojuana wanachangia aina moja. Kinaweza kumwondoa mtu kwenye orodha. Kumtaja mmoja kati ya wakazi wa London ya wakati ule, hakiwezi.

#17 Mchangiaji (fundi cherehani)

Mleta uzi, swali la mwisho kwangu. Katika vitu vyote hivyo hakuna hata kimoja kilichofikisha polisi mahali?

#18 Mleta uzi

Kipo fundi. Hakikuwafikisha kwa muuaji, kiliwafikisha kwa marehemu.

Kando ya mwili kulikuwa na kopo la haradali lenye risiti mbili za rehani. Moja ilikuwa ya shati la flaneli, jina Emily Birrell. Nyingine ya jozi ya viatu, jina Jane Kelly. Mkononi, kigasha cha kushoto, alikuwa na chale ya wino wa bluu, herufi TC. Polisi hawakujua ni nani. Magazeti yalipochapa habari za risiti, kibarua mmoja, John Kelly, alisoma jina la Birrell akashtuka, kwa sababu risiti hiyo walipewa na mwanamke waliyekutana naye wakirudi kuvuna hopsi (maua ya kutengenezea bia) kule Kent. Jumanne, 2 Oktoba, akaenda Bishopsgate, akapelekwa mochwari, akamtambua mwenzake wa miaka saba. TC alikuwa Thomas Conway, mwanamume aliyezaa naye kabla.

Viatu vilikuwa vya Kelly. Aliiambia mahakama kwamba waliviweka rehani Jumamosi asubuhi wapate chakula, Eddowes akaingia dukani, yeye akasimama mlangoni pekupeku. Wakamwonyesha risiti. Tarehe iliyoandikwa ilikuwa 28 Septemba, Ijumaa. Kelly akasema basi itakuwa Ijumaa usiku au Jumamosi asubuhi, walikuwa wamekunywa, hakumbuki vizuri.